Bwana Agoronome wa Lusangi

Wiki hii ukurasa wetu wa safari unatoka Lusangi.

Ukishika barabara ya Kasongo kuelekea Kabambare katika mwezi wa kwanza, mpunga unakusindikiza njia nzima. Uko nyuma ya nyumba, uko kando ya barabara, uko kwenye miteremko ambayo mwaka jana ilikuwa pori. Huku kwetu hatuupandi ndani ya maji kama tunavyoona kwenye picha za Asia. Tunaupanda juu ya udongo mkavu na kungojea mvua, sawasawa na mahindi na kalanga. Tunapanda mwezi wa tisa au wa kumi, na kufikia Noeli masuke yameanza kutoka. Mwezi wa kwanza yanainama, na ukiminya punje moja kwa kucha inatoa maziwa meupe. Hapo furaha na vita vinaanza siku moja, kwa sababu ndege nao wanayajua hayo maziwa.

Wazee wanasema mpunga uliletwa na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, wakati Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Watu wale walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na waliyoyatenda hayajasahaulika. Lakini nyuma yao walituachia mpunga, miembe, misikiti, na hiki Kiswahili ambacho tunakiandika hapa. Basi kila mara tunapokula wali na sombe tunakula historia, hata kama tumbo halijali.

Nyinyi mnaonunua mchele kwa kopo sokoni hamwezi kujua jinsi ndege wa mpunga wanavyochosha. Kuna wale wa manjano wenye uso mweusi, wanaosuka viota kwenye mingazi na kuyachana majani yake mpaka mti unabaki kama fagio kuukuu. Kuna wale wadogo sana, wa kahawia wenye tumbo jeupe, wanaokuja kundi zima na kukaa juu ya masuke kama watoto kwenye tawi la mwembe. Wanakula jua likichomoza mpaka kama saa tatu, wanapumzika wakati wa joto, kisha wanarudi saa tisa mpaka jua litue. Ukiacha shamba bila mtu katika majuma yale manne ya maziwa, utavuna majani.

Tangu zamani kazi ya kufukuza ndege ni ya watoto. Wanapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na mikebe yao, na manati, na koo zao. Wengi wetu tulikulia kwenye madungu hayo, na tuliyapenda: ni mahali pekee ambapo mtoto wa kike alipiga kelele bila mtu kumwambia anyamaze. Lakini tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bila malipo, na wasichana wengi wa vijiji wamepata dawati, au tuseme kipande cha benchi. Darasa linaanza saa moja na nusu asubuhi. Ndege wanaanza saa kumi na mbili. Hesabu hiyo hakuna mtu wa Kinshasa aliyetufanyia.

Sasa tuwaambie habari ya Koko.

Koko tuliyekwenda kumwona anakaribia miaka themanini. Mwenyewe hana karatasi ya kuzaliwa. Anasema tu kwamba uhuru ulipokuja mwaka 1960 alikuwa msichana wa kuchota maji peke yake mtoni. Kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa kijiji, na watatu kati yetu walizaliwa mikononi mwake. Magoti yamechoka sasa, lakini kila msimu analima kipande chake nyuma ya nyumba: mpunga upande wa juu, chini kidogo lengalenga, bilinganya, pilipili na mistari miwili ya vitunguu ambavyo anavilinda kuliko pesa. Anakaa na wajukuu wawili wa kike. Baba yao alikwenda Salamabila kuchimba zahabu, na anatuma salamu kuliko anavyotuma pesa. Mama yao ni mwenzetu katika chama. Anauza mafuta ya mawese sokoni Kasongo.

Mwezi wa kumi na mbili Koko alimtuma motari mmoja na ujumbe mfupi: "Mwambie mama yao, shule itangoja. Mpunga haungoji."

Mwenzetu alituletea maneno hayo katika kikao cha Jumamosi akiwa na macho mekundu. Hakuwa na hasira na mama mkwe wake. Alijua kwamba magunia yale ya mpunga ndiyo chakula cha nyumba, ndiyo sabuni, ndiyo dawa ya malaria. Lakini msichana mkubwa yuko darasa la sita, na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa. Mwezi mzima nje ya shule katika mwaka huo ni jambo zito. Wote tunawajua wasichana walioacha shule "mpaka mavuno tu", na mavuno yakapita, na leo wana watoto watatu.

Tulifungua kasha la chama tukahesabu. Pesa haikutosha kumlipa kijana wa kufukuza ndege kwa mwezi, na hata ingetosha, vijana wenyewe wako kwenye mashimo ya zahabu. Tukakaa kimya. Ndipo mmoja wetu, yule ambaye hawezi kumaliza kikao bila kuchekesha, akasema: "Basi tumpelekee mwanaume asiyekula."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini kicheko kilipoisha, wazo lilibaki mezani. Sanamu ya kutishia ndege! Kila mtu huku ameona moja: fimbo mbili na shati lililopasuka. Sisi tulitaka kitu kingine. Tulitaka bwana mzima, wa kumfanya Koko acheke kwanza, kisha mambo ya ndege na ya shule yafuate, maana mtu mzee aliyekwisha kukata neno huwezi kumwingia kwa hoja.

Tulimtengeneza siku mbili nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Mifupa yake ni mianzi. Mwili ni gunia lililojazwa majani makavu ya mpunga wa mwaka uliopita. Koti refu la kaki tulilipata kwenye nguo za mitumba kwa bei ambayo hata muuzaji aliona aibu kuitaja, kwa sababu mgongo wake ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Kichwa ni kibuyu. Hapo tulibishana kidogo. Wengine walitaka kumchora macho na sharubu, lakini wenzetu Waislamu walisema sanamu yenye uso si jambo jema kumpelekea mtu nyumbani. Tukamwacha bila uso. Tuwaambie ukweli, bila uso alitisha zaidi. Juu ya kichwa tulimvika nusu ya kibuyu kingine, kikubwa, tuliyoipaka udongo mweupe ikakauka kama kofia ngumu ya bwana mkubwa.

Kazi ya ufundi ilikuwa kwenye mkono wa kuume. Fundi baiskeli mmoja alitufungia mwanzi wa mkono kwa msumari mmoja tu begani, ili ucheze. Tukafunga kamba kwenye kiwiko na mikebe sita ya nyanya na ya sardini yenye mawe madogo ndani. Ukivuta kamba, bwana anainua mkono na mikebe inalia. Ukiachia, mkono unaanguka. Kiunoni tulimzungushia utepe wa kaseti za zamani. Utepe ule ukikazwa unang'aa juani na kuvuma kwenye upepo, na ndege hawaupendi.

Tulitoka Kasongo Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, pikipiki tatu, wamama watano na bwana mmoja. Chumvi, sukari, sabuni na kitenge kipya tuliviweka ndani ya kapo, maana huwezi kwenda kwa mtu mzee na mzaha mtupu. Bwana alikaa katikati ya motari na mmoja wetu, ambaye alimkumbatia kiunoni njia nzima. Mpaka leo tunamuuliza kama mume wake amepata habari.

Barabara ile wanaoijua wanaijua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka na kuvuka kwa miguu, tukimbeba bwana wetu kwa zamu, wawili kichwani na wawili miguuni. Wamama waliotoka mashambani na vitunga vya muhogo walisimama kando, wakatua mizigo, wakatutazama kwa huruma. Mmoja alianza kuimba wimbo wa msiba. Hatukuwa na moyo wa kumkatiza, tukaitikia.

Kwenye bariyeri moja, hatusemi ipi, kamba ilikuwa imekazwa barabarani na kijana mmoja alitoka kwenye kibanda akiwa bado anafunga vifungo. Akatuhesabu. Franka mia tano kila mtu, alisema. Akafika kwenye pikipiki ya tatu.

"Na huyu?"

"Mgonjwa," motari akajibu bila kugeuka.

"Ana nini?"

"Tangu jana hasemi."

Kijana akafikiri. Akasema mgonjwa naye ni mtu, kwa hiyo analipa kama wengine. Kisha, labda kwa adabu, labda kwa kutaka kuona kama anamfahamu, akainua kofia. Alipoona kibuyu kisicho na macho aliruka nyuma hatua tatu. Mwenzake aliyekuwa kibandani alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kamba ilishushwa, na siku hiyo hakuna aliyelipa. Mwenzetu mmoja anapendekeza kila safari ya chama iwe na bwana kama huyu.

Lusangi tulifika jua likiwa juu kabisa. Wengi wenu mmelisikia jina hili kwa sababu ya zoni ya afya inayoitwa hivyo, mnapowapeleka watoto kwenye chanjo. Mtu anayefika anaona kwanza miembe mizee, kisha nyumba za matofali ya udongo, kisha vichanja vya kuanikia muhogo mbele ya kila mlango. Anasikia wanaotwanga kabla ya kuwaona. Wakati wa joto watu wako ndani au chini ya miti, na ndege wanapumzika. Ndiyo saa tuliyoichagua.

Wasichana wawili walikuwa juu ya dungu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya darasa, na wao walikuwa pale tangu alfajiri, sauti zimekwisha kukauka. Mkubwa alikuwa na daftari mapajani. Alikuwa akifanya hesabu za kugawanya kwa kipande cha kalamu, na kila baada ya mstari mmoja alipiga mkebe bila hata kuinua kichwa. Hapo mzaha wetu ulitukaa kooni kidogo.

Tulizunguka nyuma, tukamsimamisha bwana katikati ya mpunga, tukaivuta kamba yake mpaka kwenye nguzo ya baraza. Wasichana walibanwa na kicheko mpaka wakajifunika nyuso kwa nguo. Kisha tukaenda mbele ya nyumba, tukapiga hodi kama wageni wa heshima.

Koko alitupokea kwa mikono miwili. Alituita kila mmoja kwa jina la mama yake, kama anavyofanya siku zote, akatuuliza habari za waliozaliwa na waliokufa. Tulipewa maji, tukapewa ndizi. Alikaa kwenye kiti chake cha ngozi upande wa baraza unaoangalia shamba, na sisi tukangoja, kila mmoja akiogopa kumwangalia mwenzake.

Akanyamaza katikati ya neno.

"Ni nani anasimama mu mpunga wangu?"

Hakuna aliyejibu. Akachukua fimbo yake, akasimama, magoti yakalia, akashuka kwenda shambani kwa mwendo ambao hatukuwa tumeuona kwake miaka mingi. Alipofika hatua kumi hivi kutoka kwa yule bwana, alisimama. Alitazama koti la kaki. Alitazama kofia nyeupe. Kimya kikawa kirefu, na tukaanza kuogopa kwamba tumemuudhi. Mwenzetu, mkwe wake, alikuwa amekwisha kuvua viatu tayari kwenda kupiga magoti.

Kisha Koko akapiga mkono pajani. "Agoronome! Ni Agoronome! Amerudi!"

Akacheka. Alicheka akiwa amejishika kwenye fimbo kwa mikono miwili, alicheka mpaka machozi, na jirani zake wakatoka kwenye nyumba zao kuona kuna nini.

Sisi tulikuwa tumetengeneza bwana mkubwa tu, bwana yeyote. Yeye alimwona mtu. Vijana wetu pengine hawajui, kwa hiyo tueleze kidogo. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa wakubwa wa koloni ya Wabelgiji uwezo wa kulazimisha vijiji kulima mazao waliyoyataka wao, mpaka siku 60 kwa mwaka. Huku Maniema ilikuwa pamba, na mpunga vilevile. Kulima kwa lazima kuliendelea, kwa sura moja au nyingine, mpaka karibu na uhuru. Aliyekuja kukagua alikuwa agoronome, na kofia yake ngumu nyeupe. Koko alimwona akiwa mtoto. Anakumbuka jinsi shamba lilivyopimwa kwa kamba, na jinsi mama yake alivyopalilia usiku kwa mwanga wa mwezi siku moja kabla ya ukaguzi, kwa sababu magugu yakionekana, baba ndiye anayekwenda kufungwa. Bwana mwenyewe, anasema Koko, hakuwahi kuinama. Alisimama pembeni mwa shamba, mikono nyuma, akatazama migongo ya wamama.

Basi Koko akamsogelea, akamgusa kifuani kwa ncha ya fimbo. "Ulitusimamia sisi," akamwambia. "Leo simama kwa ajili yangu. Na mvua ikinyesha, usikimbie."

Tulipomwonyesha kamba, ndipo mambo yalipochafuka. Alirudi kwenye kiti chake, akavuta. Agoronome akainua mkono, mikebe ikalia. Akaachia. Akavuta tena. "Salimia!" anamwambia, na bwana anasalimia. "Vizuri. Salimia tena!" Majirani walianza kupanga mstari wa kuvuta. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye sala alipita kwenye njia ya nyuma, akatoa "Salaam alaikum" kwa mtu aliyesimama shambani, akangoja, akatoa tena kwa sauti ya juu, kisha akauliza kwa ukali ni nani huyu mgeni asiye na adabu. Koko alikuwa anavuta kamba. Bwana akainua mkono. Mzee akaridhika, akaendelea na safari yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lakini Koko si mtoto. Jioni, tulipokuwa tukila bugali na sombe, alisema waziwazi: "Ndege wa Lusangi si wajinga. Siku tatu, ine, watakuwa wanamukalia juu ya kichwa." Ana haki. Mtu yeyote aliyelima anajua kwamba sanamu isiyotembea ndege huizoea upesi. Akatoa masharti yake mwenyewe: Agoronome atahamishwa kila jioni, koti litageuzwa leo nje, kesho ndani, kofia itavuliwa siku moja na kurudishwa siku ya pili, na kamba haitavutwa ovyo, ila tu ndege wakishuka, wasije wakaizoea sauti. Utepe wa kaseti alituambia tuutoe kiunoni, tuufunge kwenye vijiti kuzunguka upande wa mingazi, kwa sababu huko ndiko wanakotokea. Tulikuwa tumefika kumfundisha, tukafundishwa.

Kisha likaja lenyewe. Mwenzetu alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama mkwe wake, akasema kwa sauti ndogo: "Mama, asubuhi ni saa tatu tu. Mchana wasichana wanarudi saa saba, ndege wakirudi saa tisa watawakuta juu ya dungu. Ni asubuhi tu."

Koko hakujibu haraka. Alisema kamba anaweza kuivuta, lakini macho yake hayafiki mwisho wa shamba. Akasema pia neno ambalo lilitunyamazisha: kwamba yeye hakusoma kwa sababu ya ndege. Alikuwa mtoto wa dungu, na hakuna aliyemuuliza.

Jibu lilitoka mahali tusipotazama. Kati ya majirani waliokuja kuvuta kamba walikuwako wamama wawili wazee, wenye vipande vya mpunga vinavyopakana na cha Koko. Mmoja akasema, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba yeye macho yake ni mazuri, ila miguu hana. Mwingine akasema miguu anayo kidogo. Wakahesabu: macho ya mmoja, miguu ya mwingine, kamba ya Koko. Wakakubaliana kukaa asubuhi pamoja kwenye baraza lile, chai juu, na kulinda vipande vyote vitatu. Watoto wao wa shule nao wangetoka kwenye madungu asubuhi. Tulihesabu vichwa: watoto watano.

Usiku tulilala sote kwenye chumba kimoja, na mmoja wetu akatuonyesha picha alizoziweka kwenye simu. Kuna kijiji Japani kinachoitwa Nagoro, milimani kwenye kisiwa cha Shikoku. Mama mmoja, Tsukimi Ayano, alirudi huko kumtunza baba yake mzee. Ndege wakamsumbua bustanini, akatengeneza sanamu ya kuwatisha na kuivika kama baba yake, na majirani wakawa wanaipigia salamu asubuhi wakidhani ni mzee. Tulicheka, kwa kumkumbuka mzee wa sala. Lakini Nagoro vijana walikuwa wamekwenda mijini, na watu wakipungua mama yule akaendelea kutengeneza sanamu: za waliokufa, za waliohama, hata za wanafunzi, na kuziketisha kwenye madawati ya shule iliyofungwa. Leo sanamu ni nyingi kuliko watu.

Koko alikuwa amelala, tulidhani. Sauti yake ikatoka gizani: "Shule yao haina watoto, wanaweka sanamu. Yetu ina watoto, tunawaweka mu shamba." Akageukia ukuta.

Jumapili tuliondoka. Mambo hayakwenda yote kama yalivyopangwa, na hatutaki kuwadanganya. Msichana mkubwa alirudi darasani Jumatatu na hakukosa tena. Mdogo alikosa siku sita, wiki ambayo mama mwenye macho mazuri aliugua malaria. Kona ya upande wa mingazi ndege waliila karibu yote. Juma la pili vijana walimvua Agoronome suruali usiku, na kwa siku mbili alisimama na koti tu, mpaka Koko akamfunga kipande cha kitenge kikuukuu kiunoni. Tunaambiwa siku hizo mbili ndizo wapita njia waliposimama zaidi.

Anayetaka kujaribu kwake, mkono wa kucheza ndio siri, na msumari usikazwe sana. Kibuyu ni bora kuliko gunia kwa kichwa, hakiozi kwa mvua. Kamba ya nailoni inateleza vizuri kuliko ya katani, lakini ipitishe juu ya vijiti vyenye panda, isiguse mpunga. Na bwana asisimamishwe mapema. Ngoja maziwa yaingie kwenye punje, ndipo umlete, la sivyo ndege watakuwa wamekwisha kufahamiana naye.

Wiki iliyopita gunia la kwanza lilifika Kasongo nyuma ya pikipiki ya motari yule yule wa "mgonjwa". Juu yake ilikuwa imefungwa kofia nyeupe ya kibuyu, na ndani ya kofia kiota kidogo cha majani, kitupu. Ujumbe wa Koko ulikuwa huu: Agoronome amepewa likizo mpaka mwezi wa kumi na mbili, tumtafutie kofia nyingine, maana hii wenyewe wameichukua, na akirudi aje na mke, kwa kuwa majirani wawili wanamgombania.